Taa ya sensa yangu inawaka muda wote, nitajuaje milingi inatetemeka vibaya au inakata kawaida tu?

Mchongaji_Nyakato

Wakuu mwangaluka. Niko Nyakato hapa Mwanza, karakana ya mjomba, tunachonga mashafti ya boti, puli, nyumba za beringi, chochote mteja anacholeta. Tuna milingi (mashine ya kuchonga chuma kwa kata inayozunguka) moja ya zamani ya Mrusi, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, haina kompyuta wala nini.

Sasa kiwanda kimoja cha samaki kimetupa kazi ya nyumba za beringi 6 za konveya. Chuma laini, nachonga shimo la kina cha mm 30 kwa kata ya kabaidi ya mm 16 yenye meno 4, spidi 900 kwa dakika, kila pasi nashuka mm 4. Ikienda moja kwa moja inajitahidi, ikifika kwenye kona inaanza kulia, yani inalia mpaka mama ntilie wa ng'ambo ya barabara anaacha chapati anatoka nje kuangalia kuna nini, alafu ukutani inaacha alama kama magamba ya sato. Mbili zimesharudishwa.

Mjomba yeye anasikiliza kwa sikio tu, akisikia anasema "punguza" basi. Mi nimemaliza chuo mwaka juzi nikasema ngoja nitumie sensa. Nikachukua kale kasensa ka mtetemo ka bei chee wanakoweka watu kwenye drone za kujitengenezea, nikakabandika kwenye vaisi kwa ile gundi ya sponji ya pande mbili, kompyuta inakasoma mara 500 kwa sekunde. Nikapanga mtetemo ukizidi kiwango fulani taa nyekundu iwake. Tatizo ni kwamba taa inawaka kila kata inapogusa chuma, hata ikikata vizuri kabisa, na nikipandisha kiwango inanyamaza hata pale inapolia kweli. Alafu nilipochora masafa naona kilele kirefu kwenye hezi 242 hivi na hakuna kitu kwenye hii mashine kinachozunguka kwa kasi hiyo nikahesabu kila gia. Beringi ya spindo (mhimili unaozungusha kata) imekufa au? Msaada wakuu, mteja anapiga simu kila siku.

Mtu_wa_Igoma

Beringi hiyo mkuu. Badilisha beringi.

Mtetemo255

Mkuu usifungue spindo bado, utatafuta beringi ya Mrusi huyo mpaka ukome.

Mi kazi yangu ni kupima mitetemo ya mapampu na mafeni migodini upande wa Geita, milingi niliigusa zamani ila mambo ni yale yale. Kosa lako la kwanza ni kupima UKUBWA wa mtetemo. Milingi kazi yake ni kupiga. Spidi yako 900 mara meno 4 gawa kwa 60, unapata mapigo 60 kwa sekunde, kwaiyo lazima uone kilele hezi 60, na 120, 180, 240 na kuendelea, na kama kata haijakaa katikati sawasawa unaona pia hezi 15 na vizidisho vyake maana hiyo ndo spindo yenyewe inavyozunguka (900 gawa 60). Hiyo yote ni afya. Kata ikigusa chuma lazima iongezeke, taa yako inawaka kwa sababu umeiambia iwake mashine ikifanya kazi.

Ule ugonjwa wa kulia wenyewe kwa Kiingereza wanauita chata, sio chata ya vijana kuandika ukutani, ingawa na hii nayo inaacha jina lake kwenye chuma. Inakuja hivi. Umeshapita barabara ya vumbi imefanya mawimbi kama bati? Hakuna mtu aliyechimba yale mawimbi. Lori la kwanza liliruka kidogo kwenye kajiwe, likatua likaacha kashimo, la nyuma likaruka palepale na kuchimba zaidi, mpaka barabara yote inakuwa bati. Kata nayo hivyohivyo: jino moja likitetemeka linaacha ukuta una wimbi, jino linalofuata linakuta chuma sehemu nene sehemu nyembamba, linasukumwa kwa mdundo huohuo, linaacha wimbi kubwa zaidi, na mdundo unaochaguliwa ni ule mashine au kata inaoupenda yenyewe, yani masafa yake ya asili, hauna habari na meno yako 60 kwa sekunde. Ndo maana unaitambua kwa MAHALI kilele kilipo. Kikianguka kwenye vizidisho vya 60 au 15 ni kukata kwa kawaida. Kikianguka pembeni ambapo hapagawanyiki, hapo umeikamata.

Sasa hiyo 242 yako. Ukisoma mara 500 kwa sekunde unaweza kuona mpaka hezi 250 tu, nusu yake. Kitu chochote kilicho juu ya hapo hakipotei, kinarudi chini kimevaa sura nyingine, kama tairi la gari kwenye video linavyoonekana linazunguka kinyumenyume. 242 yako inaweza kuwa kweli 242, inaweza kuwa 258, inaweza kuwa 742 au 758. Kupata uhakika badilisha kasi ya kusoma, kilele kikihama ujue ni mzimu.

Njia rahisi ya leo leo: weka kasensa pembeni uchukue simu. Maikrofoni ya simu inarekodi sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde, inatosha na kubaki. Rekodi mara tatu. Mashine ikizunguka bila kukata, ikikata vizuri, na ikilia. Alafu zima mashine, gonga ncha ya kata kwa kinyundo kidogo cha shaba, simu ikiwa karibu, rekodi na huo mlio. Fungua kwenye Audacity (programu ya sauti ya kompyuta) angalia spektra, yani mchoro wa masafa. Lete majibu hapa.

Dada_Mekatroniki

Naongezea ya @Mtetemo255. Hiyo gundi ya sponji itoe. Sponji inafanya kazi ya godoro, mitetemo ya masafa ya juu inalala humo haifiki kwenye sensa. Sensa ifungwe na skrubu au sumaku yenye nguvu kwenye chuma kilichosafishwa rangi, au superglue kama huna jinsi. Na ikae kwenye nyumba ya spindo karibu na beringi ya chini, maana vaisi iko mbali na kata ambayo ndo mtuhumiwa wako.

Pia spidi 900 iliyoandikwa kwenye bamba usiiamini. Mota ya kawaida inateleza kidogo chini ya mzigo, na umeme ukiwa mdogo jioni inateleza zaidi. Pima spidi halisi ndo upige hesabu, la sivyo ukifika kizidisho cha 12 kosa dogo limeshazidishwa mara 12 na utaona chata mahali ambapo haipo.

Mchongaji_Nyakato

Asanteni sana aisee. Nimerekodi juzi usiku, mchana haiwezekani jirani ana spika mbili za Bongo Fleva na wa kushoto anasaga mageti kwa grainda.

Bila kukata: ngurumo ya mota na gia, vilele vidogo vidogo vingi. Ikikata vizuri: 60, 120, 180, 240, 300, imejipanga kama meno ya kitana, nilicheka mwenyewe. Spidi nilipima na takometa ya kuazima, 898, nikaona sio mbaya.

Ikilia kwenye kona: kitana kipo bado lakini katikati kimesimama kilele kimoja kirefu kuliko vyote, hezi 742!! na pembeni yake viwili vidogo, 682 na 802. Nimegawa 742 kwa 60 napata 12.37, haigawanyiki. Kugonga kata kwa kinyundo nimepata 725 hivi. Kwaiyo mzimu wangu wa 242 ulikuwa huyu.

Mtetemo255

Safi kabisa. Hao wawili wa pembeni ni 742 toa 60 na 742 jumlisha 60, chata ikichanganyika na mapigo ya meno inazaa watoto hao. Ukiona familia hiyo huna haja ya kubishana na mtu. Na chata kukaa juu kidogo ya ile 725 ya kugonga nayo ni kawaida yake.

Fundi_Mkongwe_Igogo

Vijana mnaongea mambo ya hezi hezi, hakuna hata mmoja aliyeuliza kata imetoka nje ya koleti (kibano kinachoshika kata) kiasi gani.

Mimi nimeshika milingi tangu gati la Mwanza Kusini lina kazi za meli usiku na mchana. Sensa yangu ni bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya spindo, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Inanitosha. Kijana jibu: kata imetoka milimita ngapi? Umekaza zile lok za meza upande usiotembea, au umeziacha zinacheza? Na unakata kwa kufuata meza inakokwenda au kwa kuipinga? Mashine hiyo skrubu yake imechoka, ukikata kwa kufuata meza, kata itaivuta meza, utasema chata kumbe ni ulegevu.

Mchongaji_Nyakato

Shikamoo mzee. Nakata kwa kupinga, hapo mjomba alishanionya. Lok za meza… sikuzikaza, kweli. Na kata imetoka mm 80.

Fundi_Mkongwe_Igogo

Marahaba. Mm 80 kwa shimo la mm 30! Hamsini zote hizo za nini, unavua sangara?

Mchongaji_Nyakato

Mzee ni zile boliti za kubania kazi kwenye meza, ni ndefu zinasimama juu, nikishusha spindo kishikio cha koleti kinazigonga. Nikaona nitoe kata iwe ndefu ipite juu yake.

Mtetemo255

😂😂 mzee ameua. Mi nimeandika kurasa mbili nikasahau swali la kwanza.

Ila mzee yuko sahihi na hesabu inamuunga mkono. Kata ni kama fito iliyoshikwa upande mmoja, ugumu wake unapungua kwa mchemraba wa urefu. Ukifupisha hizo boliti ukairudisha kata ndani, kutoka 80 kwenda 55 ni 80 gawa 55 ukiipandisha mchemraba, karibu 3. Ugumu mara tatu bila kununua kitu. Kwa kweli haitafika tatu kamili maana koleti na spindo navyo vinapinda kidogo, ila ni nyingi.

Kabla hujakata boliti za watu jaribu kitu kimoja kwa ajili ya elimu. Chata inapungua pale mapigo ya meno yanapogawa masafa ya chata bila baki au karibu na hapo, maana wimbi jipya linalala sawasawa juu ya wimbi la zamani, unene wa chuma haubadiliki, jino linakosa cha kusukumwa nacho. Mashine yako gia za jirani ni 710 na 1120 bila shaka. 710 inakupa mapigo 47.3, 742 gawa hiyo ni 15.68, pabaya. 1120 inakupa 74.67, 742 gawa hiyo ni 9.94, karibu 10 kabisa. Kwaiyo PANDISHA spidi, kinyume na anavyosema mjomba. Kabaidi ya mm 16 kwa 1120 ni kama mita 56 kwa dakika, kwa chuma laini haitalalamika. Ingekuwa kata ya kawaida ya chuma cha hai-spidi (HSS), sio kabaidi, ningekukataza.

Nikuambie ukweli lakini, huu ujanja wa kuchagua spidi unang'aa kwenye mashine za haraka, mfano mtu anakata aluminiamu kwa spidi 12,000 na meno 2, mapigo 400 kwa sekunde, hapo kati ya spidi mbaya na nzuri kuna nafasi pana na anaweza kuongeza kina mara kadhaa. Kwako chata inazunguka mara 10 au 12 kati ya jino na jino, vichochoro vizuri ni vyembamba na vimebanana, ukiteleza kidogo umeshatoka. Usitegemee muujiza.

Kaka_wa_Kirumba

Mi nauliza tu, si upunguze kina iwe mm 2 uendelee na maisha? Mambo mengi kweli.

Mtetemo255

@Kaka_wa_Kirumba inafanya kazi, kina kikiwa kidogo vya kutosha chata haizaliwi. Ila pasi 8 zimekuwa 15 na mteja anapiga simu. Hili jambo halijaanza leo, Mmarekani F. W. Taylor tangu 1907 alishalalamika kwamba ndo tatizo gumu na la kificho kuliko yote yanayomkabili mchongaji, na maelezo ya wimbi juu ya wimbi yalikuja kunyooka miaka ya 1950 huko na akina Tobias na Tlusty. Kwaiyo tusimcheke kijana.

Mchongaji_Nyakato

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa, umeme ulikata siku mbili.

Kwanza nilikaza lok za meza, kata bado 80. Kelele ikapungua kidogo lakini 742 ipo palepale haijasogea. Pili nikapandisha 1120. Hapa nilishangaa, kwenye mstari ulionyooka imetulia kabisa, mjomba alikuja kuangalia kama nimezima fidi (mwendo wa meza). Kwenye kona ikalia tena, ila sio kama mwanzo, mama ntilie hakutoka.

Tatu nikakata boliti na msumeno, nne zote, zikabaki juu ya nati nyuzi mbili tu. Kata nikairudisha ndani ikabaki mm 55. Nikarudi 900 na kina kilekile mm 4. Wakuu hakuna kitu. Kona zote kimya, ukuta unapitisha ukucha hausikii mkwaruzo. Kwa uchokozi nikashusha mm 7, ikalia, nikarekodi, safari hii kilele kiko hezi 1180 hivi.

Swali, mbona kimehama?

Mtetemo255

Kimehama kwa sababu ulichobadilisha ndicho kinachotetemeka. Umefupisha kata, masafa yamepanda, basi mtuhumiwa alikuwa kata. Kama ungefupisha kata na kilele kikabaki 742 ningekuambia uangalie spindo, au kipande chenyewe kama ni chembamba, au namna ulivyokibana. Kukaza lok hakukuhamisha kitu, kwaiyo meza haikuwa na hatia. (Zikaze tu hata hivyo, mzee anasoma.)

Kwenye kona inalia zaidi kwa sababu pale kata inakumbatiwa na chuma sehemu kubwa ya mzunguko wake, meno mengi ndani kwa wakati mmoja.

Mchongaji_Nyakato

Kazi zote 6 zimepita jana. Ila bado nataka ile taa yangu 😅 Nifanyeje iwe na akili?

Dada_Mekatroniki

Hapa nije mimi. Kuna njia mbili nimeshazijaribu kwenye mashine ya chuo.

Ya kwanza ni kitana. Unachukua sekunde moja ya data, unapiga FFT (hesabu ya kutenganisha masafa), unafuta kila kilicho kwenye vizidisho vya mzunguko wa spindo (kwako 15, 30, 45…) na upana kidogo kila upande, unafuta pia vile vilele ulivyorekodi mashine ikizunguka tupu maana gia za katikati zina masafa yao yasiyofuata spindo. Kinachobaki unakilinganisha na jumla. Ikikata vizuri kinachobaki ni kidogo hata kama mashine inanguruma, ikianza chata kinachobaki kinameza kila kitu. Unaona, taa haiangalii tena nguvu, inaangalia uwiano, kwaiyo pasi nzito au nyepesi haimbabaishi. Sekunde moja ya data inakupa mistari ya hezi 1, ukipunguza mpaka robo sekunde inakuwa hezi 4, bado unatenganisha 15 na 30, na taa inawahi kuwaka kabla ukuta haujaharibika. Usishuke sana chini ya hapo.

Ya pili naipenda zaidi maana haihitaji FFT. Bandika kasumaku kwenye spindo na sensa ya sumaku pembeni, ikupe pigo moja kila mzunguko. Kila pigo likija, chukua sampuli MOJA tu ya mtetemo. Kukata kukiwa kuzuri kila mzunguko unafanana na uliopita, sampuli zinalundikana mahali pamoja. Chata ikianza haifuati mzunguko, sampuli zinatawanyika kama dagaa wakimwagwa kwenye turubai. Unapima utawanyiko, basi. Kwa spidi 900 unapata sampuli 15 kwa sekunde, hata kompyuta ndogo kabisa inaweza. Ila sensa yenyewe na njia yake lazima ipitishe masafa ya juu, hako ka drone kanachuja, hakafai. Tafuta ambayo inapitisha angalau hezi elfu mbili tatu, na uisome mara elfu 10 kwa sekunde.

Angalizo moja. Ukikata kwa upana mdogo sana, kata inagusa chuma kidogo tu, kuna chata nyingine inayokaa kwenye NUSU ya mapigo ya meno, kwako hezi 30 na vizidisho vyake visivyo vya 60. Hiyo 30 ni kizidisho cha 15 pia, kwaiyo kitana kitaifuta na taa haitawaka. Kule kona za shimo haikuhusu, ila ukija kumalizia kuta nyembamba kumbuka.

Na mtu asikudanganye upime umeme wa mota peke yake. Ni rahisi, klampu unaivalisha kwenye waya umemaliza, inakuonyesha kata imekuwa butu au mzigo umezidi. Lakini hezi 742 inapita kwenye uzito wa rota na gia zote hizo, ikifika kwenye waya imeshakufa.

Mchongaji_Nyakato

Hii ya sumaku nimeielewa kabisa. Nina sumaku ya spika iliyokufa, sema ni kubwa, spindo itakosa mizani.

Dada_Mekatroniki

Usiweke hiyo! Chukua ile ndogo ya sensa ya mlango au ya kifuniko cha laptop mbovu, ya ukubwa wa punje ya mhindi. Bandika na epoksi, subiri usiku kucha, ndo uwashe.

Fundi_Mkongwe_Igogo

Kijana, ukimaliza hiyo mitambo yako pita na simu huku Igogo, lezi yangu ina kamlio nikikata shafti ndefu, bisibisi inaniambia ni katikati ya shafti, mimi nasema ni senta ya nyuma inayoshika ncha ya shafti. Njoo asubuhi, mchana kuna joto.

Mchongaji_Nyakato

Nakuja Jumamosi mzee. Nikifika nagonga shafti kwanza, usiitoe kwenye chaki.